Sura ya Saba: Vikombe Viwili Kando ya Mto

Inspekta Nalangu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya vielelezo, kituo cha polisi cha Kitengela, akipanga mali ya marehemu mstari kwa mstari. Mlangoni alisimama Mburu, kaka yake marehemu, seremala mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Jumamosi Keziah angezikwa, na hadi dakika hiyo hakuna aliyejua angezikwa wapi.

"Mimi sielewi unatafuta nini kwa hivyo vyombo, madam," Mburu alisema. "Dada yangu alitolewa kwa maji bila jaketi ya kuokoa maisha. Jaketi yake ikapatikana nchi kavu. Kichwa kimepasuka. Na huyo bwana yake, mabega yamechubuka pande zote mbili, daktari ameandika. Hiyo si alama ya mtu amepigana?"

Nalangu hakuinua kichwa. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wenzake wote kituoni, kwamba akishika kitu haachi mpaka kimwambie kilichomo, na watu wakimharakisha ndipo anapozidi kwenda polepole.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Keziah, mwalimu wa hesabu, na mumewe Katoo, mpima ardhi, walikuwa wamechukua mtumbwi wa watu wawili wakateremka nao Mto Athi, safari ya siku ishirini waliyoipanga kwa miaka. Siku ya kumi na moja, kwenye maporomoko ya upande wa Makueni, Keziah alifariki. Katoo aliandikisha maneno haya tu: "Tulipinduka. Maji yakamchukua." Tangu hapo, siku ya nne sasa, alikuwa hajaongeza hata neno. Walimweka rumande Kajiado kwa sababu vijana wa Kitengela walikuwa wameapa kumtoa seli kwa mikono yao wenyewe.

Mkuu wake Nalangu alimpa hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo faili ingeenda kwa mwendesha mashtaka kama faili ya mauaji, na hapo ndipo palipomuuma inspekta. Keziah na Katoo walikuwa na mtoto mmoja tu, Naserian, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka saba. Amelala Kona Baridi, nyumbani kwa baba yake. Katoo akishtakiwa, Mburu angemzika dada yake nyuma ya nyumba ya wazazi hapo Kitengela, na kaburi lilikuwa limeshapimwa. Mama angelala huku na mtoto kule, milele, kwa sababu ya maneno matatu ya mtu asiyetaka kusema la nne.

"Njoo ushike hii," Nalangu alimwambia.

Mburu akachutama. Ulikuwa mfuko wa karatasi wa sukari, umefungwa juu kwa uzi. Nalangu akaufungua na kuinamisha, sukari ikateremka punje kwa punje kwenye kiganja cha seremala. Akamshikisha unga, kisha majani chai, kisha kiberiti. Vyote vilitoka katika mfuko wa jikoni, na mfuko wenyewe ulikuwa wa turubai la kawaida ambalo hata manyunyu yangelipenya.

"Mtumbwi ukipinduka na mfuko huu ndani, nikuonyeshe sukari ya namna gani?" Nalangu aliuliza.

Mburu akaitazama ile sukari kwa muda. Yeye ndiye aliyewachongea makafi ya kupigia, na ndiye aliyeweka ule ubao wa katikati ya mtumbwi uliochongwa nafasi ya shingo, mtu apate kuubeba mtumbwi begani. Kwa hiyo alijua kazi ya mto kuliko alivyotaka kuonyesha. Nalangu alimchokoa kidogo, naye Mburu akaeleza. Mto ukiwa mbaya, alisema, hawapiti majini. Wanatoa kila kitu, wanabeba kwa miguu hadi chini ya maporomoko, halafu wanaingia tena majini. Na kwa kuwa mzigo ni mwingi na watu ni wawili, njia hiyohiyo wanaipita mara tatu: wanashuka na mzigo, wanarudi mikono mitupu, wanashuka tena na uliobaki.

"Basi siku hiyo walibeba," Nalangu alisema. "Hawakuwa majini."

"Basi alidanganya." Mburu alisimama, akajipangusa sukari kwenye suruali. "Asante, madam. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka usikie kwa mdomo wako."

Na kweli ilikuwa hivyo. Nalangu alikuwa ameanza asubuhi na mshukiwa aliyenyamaza, na sasa alikuwa na mshukiwa mwongo. Uso wa Mburu haukuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, lakini Nalangu aliona aibu kidogo hata hivyo, kama mwanafunzi aliyepiga hesabu ndefu na kuangukia jibu la mpinzani wake. Akaomba ufunguo wa nyumba ya marehemu. Mburu akasema ufunguo uko naye na hautaenda popote bila yeye, basi wakaenda wote wawili.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, ghorofa ya kwanza, mwendo mfupi kutoka karakana ya Mburu. Sebuleni viti vilikuwa vimesukumwa ukutani. Sakafuni, kwa utepe wa rangi ya maziwa, mtu alikuwa amechora mistatili mitatu yenye ukubwa wa mifuko, na mizani ya mkono bado ilining'inia kwenye ndoano ya pazia. Hapo ndipo walipopakia na kupakua, Mburu alisema, jioni baada ya jioni, miezi minne. Keziah alipima hata mswaki. Alikata mpini wa mswaki wa mumewe ili kuokoa gramu sita, na Katoo akalalamika wiki nzima. Mburu alianza kucheka alipokumbuka hilo, kisha akaenda kusimama dirishani.

Ukutani kulikuwa na picha ya Naserian amevaa sare ya shule, na chini yake karatasi kubwa yenye mwandiko wa mwalimu. Sehemu kubwa ilikuwa orodha ya vyakula na uzito wake. Nalangu aliipitia yote, hadi chini kabisa, palipoandikwa PAHALI PA KUBEBA. Akaisoma kwa sauti ili Mburu asikie.

"Raundi ya kwanza. Keziah, hema na nguo. Katoo, pipa la chakula. Kurudi mikono mitupu, polepole, kunywa maji. Raundi ya pili. Keziah, mfuko wa jikoni. Katoo, mtumbwi, makafi yetu yakiwa yamefungwa ndani." Akashuka mstari mmoja. "Jaketi zote mbili ziwekwe mabegani kwa Katoo, chini ya ubao. Asibishe. Ana mabega ya mfupa mtupu."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yamepigiwa mstari mara mbili. Nalangu akakumbuka jaketi la kuokoa maisha lililokaa stoo, lile la Keziah, kavu, na katikati yake bonde lililobonyezwa na kitu kizito. Akakumbuka mabega yaliyochubuka pande zote mbili, mahali palepale, sawasawa. Mama yake alipakia punda maji kwa miaka thelathini, na Nalangu alijua alama ya mzigo tangu hajajua kusoma. Mtu akipigana hachubuki kwa mpangilio.

"Alikuwa amemvulia jaketi yake aweke begani," Mburu alisema kutoka dirishani, bila kugeuka. Haikuwa swali.

"Ndiyo. Na kuna mstari mmoja umebaki. Mkononi mwa Keziah, kila safari: la Naserian." Nalangu akamgeukia. "La Naserian ni nini?"

Mburu akageuka kutoka dirishani. Alisema ni kafi. Alimchongea mpwa wake kafi dogo, kwa mti wa msonobari, mwaka ule walipoanza kupanga safari, maana mwanzoni safari ilikuwa ya watu watatu. Mtoto alipokufa alidhani limewekwa mahali. Hakujua kwamba dada yake alikuwa akilibeba.

Nalangu alikuwa na nakala ya orodha ya vitu vilivyookotwa mtoni, iliyoandikwa na konstebo wa kituo kidogo cha huko chini. Makafi mawili, yamefungwa ndani ya mtumbwi uliovunjika. La tatu halikuwepo. Alirudia kusoma, kidole kikishuka taratibu, kikaja kusimama karibu na mwisho: sufuria moja, kisu kimoja, vikombe viwili, mwiko mmoja mkubwa wa ugali. Akainua macho kwenye karatasi ya ukutani. Mwanamke aliyekata mpini wa mswaki kuokoa gramu sita hakuandika mwiko popote. Hakubeba mwiko wowote.

Walirudi kituoni. Mburu aliachwa nje, na alipotaka kubisha Nalangu alimwambia kwa upole kwamba sasa kazi ni yake. Stooni, nyuma ya sufuria, mwiko ulikuwa umefungwa kwenye gazeti. Konstebo hakukosea sana, maana kwa umbo ni mwiko kabisa, wa kusongea ugali wa harusi. Lakini ulikuwa mrefu kuanzia sakafuni hadi kiunoni mwa Nalangu, na kichwani ulikuwa na kishikio cha kukingama, kilicholainishwa kutosha kiganja cha mtoto. Shingoni palikuwa pamefungwa nyasi, zimekauka sasa, zimesokotwa mara moja na kupigwa fundo.

Zile nyasi zilimfanya Nalangu aketi chini. Kwao nyasi mbichi hushikwa mkononi kuomba amani. Huwekwa kwa msamaha, huwekwa kwa baraka, na hakuna Mmasai anayezisokota kwa bahati mbaya. Alijua pia kwamba nyasi zile hazikufungwa na Keziah; Mmasai katika ndoa ile alikuwa Katoo.

Alimpigia simu Mulinge, mkulima wa nyanya ambaye shamba lake linatazamana na maporomoko, na ambaye jina lake lilikuwa kwenye faili kwa kuwa ndiye aliyeona mtumbwi uliovunjika. Mulinge alipokea akiwa shambani, mashine ya maji ikinguruma nyuma yake, akaomba dakika akaizime.

"Huo mwiko, ndiyo," alisema. "Haukuwa umelala, madam. Ulikuwa umesimama kwa mchanga, huko juu ambako walianzia kubeba. Chini yake kumezungushwa mawe, mazuri, ya kuchaguliwa. Bibi yangu alikuwa anautaka, tukasema hapana, hiki ni kitu cha mwenyewe. Tukapea polisi."

Nalangu alimwuliza kama siku hiyo aliona chochote kabla ya mtumbwi kuvunjika. Mulinge akasema aliona yote, ila aliulizwa jambo moja tu, kama aliona mwanamume akimpiga mwanamke; akajibu hakuona, nao wakafunga kitabu. Sasa akaeleza kwa utaratibu wake. Aliona kwanza mwanamke akishuka na mfuko mgongoni. Halafu, baada ya muda, aliona mtumbwi ukitembea kwa miguu ya mtu, akaita mke wake aje aone. Wakafika chini. Halafu mwanamke akatoka mbio kurudi juu, peke yake, mikono mitupu, na hakufuata njia. Alikata kupitia kwenye mawe yaliyo karibu na maji, yale yanayolowa, na mto siku hiyo ulikuwa umejaa.

"Na mwanamume?"

"Alikaa. Aliwasha moto, akachemsha chai. Alikaa sana. Halafu nikaona anasimama, anaangalia juu. Akapanda mbio, akashuka mbio, akaita. Halafu akasukuma ule mtumbwi kwa maji mahali ambapo hata mamba hawezi kuingia. Ukavunjwa hapohapo." Mulinge akashusha sauti. "Nilipovuka nilipata vikombe viwili kando ya moto. Kimoja kimenywewa. Kile kingine kimejaa, kimefunikwa na kifuniko cha sufuria. Mimi sikumwaga. Yeye polisi ndiye alimwaga."

Nalangu alipokata simu alikichukua kile kikombe. Alama ya chai ilikuwa imekauka pembeni, juu kabisa, karibu na mdomo. Alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na minne na alikuwa amejifunza kutolia kazini, na siku hiyo hakufaulu.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi alikuwa Kajiado. Mburu alikuwa ametangulia. Alikaa kwenye benchi la korido, amevaa koti la mazishi siku moja kabla, akasema atangoja hapo hata wakifunga milango. Nalangu akaingia.

Katoo aliletwa. Alikuwa mwanamume mrefu aliyekonda, shati limemning'inia, na alikaa bila kuegemea kiti kwa sababu mgongo wa juu bado ulimuuma.

"Supa, Katoo."

"Ipa," alijibu, kwa sababu salamu haikataliwi hata na mtu aliyekata tamaa.

Nalangu hakuuliza kitu. Aliweka mezani kikombe chenye alama ya chai. Kando yake akaweka jaketi la Keziah, lile bonde likitazama juu. Halafu akafungua gazeti, akalaza kafi dogo katikati, na nyasi zake. Katoo alitazama kikombe, akatazama jaketi. Alipofika kwenye kafi akageuza uso.

"Sitakuuliza kama ulimuua," Nalangu alisema. "Najua ulikuwa chini umefunika chai isipoe. Nataka uniambie alirudi juu kufuata nini."

"Unajua."

"Najua. Lakini mimi sikuwepo. Na nikiandika mimi, itakuwa hadithi yangu. Saa sita faili inaondoka hapa."

Katoo akasema basi iondoke. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekataa chakula. Nalangu akamweleza kilicho ndani ya faili hiyo: kwamba akishtakiwa, Keziah atazikwa Kitengela, nyuma ya nyumba ya wazazi wake, na Kona Baridi patabaki kaburi moja dogo peke yake kwenye upepo. Hapo Katoo alifumba macho.

Alianza kueleza polepole, akiangalia meza. Kwao alilelewa kwamba aliyekufa hatajwi jina ovyo, na vitu vyake haviwekwi machoni pa watu, hasa akiwa mtoto. Unamwachia apumzike na wewe unajikaza. Keziah alilelewa kinyume. Kwao picha inatundikwa, jina linaombewa kila jioni, siku ya kumbukumbu inatangazwa kanisani. Hakuna aliyekosea, alisema Katoo, lakini walikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Miaka miwili kila akirudi kazini alikuta kafi limeegemea ukuta. Miaka miwili alimsikia mkewe akiita jina lile usiku, naye hakuweza kuitikia. Safari walidhani itawasaidia. Halafu siku ya kwanza, pahali pa kwanza pa kubeba, akamwona Keziah ameshika kafi lile mkononi, akalibeba hatua zote, akarudi nalo, akashuka nalo tena.

"Siku kumi nilinyamaza," alisema. "Pale juu palikuwa pazuri. Kuna mti, kuna mchanga safi. Nikamwambia, leta nilifunge pamoja na yetu, wewe tangulia. Alinipa. Aliniamini. Nikalisimamisha hapo, nikatafuta mawe. Nikamwombea kwa lugha yetu. Nilifikiri nikimwachia pahali pazuri atapumzika, na mama yake atalia siku moja, mbili, halafu naye atapumzika."

"Ulikuwa umwambie lini?"

"Chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote, na mtumbwi kichwani. Lakini yeye alihesabu makafi kabla sijasema."

Kalamu ya Nalangu ilikuwa juu ya karatasi na haikuandika.

"Hakupiga kelele," Katoo alisema. "Aliniangalia tu. Akasema, 'Umemwacha mtoto peke yake?' Halafu akakimbia. Jaketi yake ilikuwa kwa bega langu. Niliiona. Nilikuwa nimeivaa mimi." Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Nikafikiri nimwachie nafasi alie. Nikafikiri akirudi atakuwa na baridi. Ndiyo nikachemsha chai. Nikaweka sukari tatu, vile anapenda. Nilikaa, inspekta. Nilikaa pale nikipuliza moto, na yeye wakati huo."

Hakumaliza, na Nalangu hakumtaka amalize. Baada ya muda alimwuliza kwa nini alisema walipinduka. Katoo akasema mtumbwi ulipinduka kweli, naye akiwa ndani, akimtafuta. Alichoficha ni kwamba alikuwa peke yake. Angesema ukweli, mama yake Keziah angeuliza binti yangu alirudi kufuata nini, na ingebidi ajibiwe. Afadhali waseme amemuua kwa mkono kuliko yule mama mzee ajue kwamba mkwewe alimtupa mjukuu wake mtoni, maana ndivyo angesikia.

"Hukumtupa," Nalangu alisema. "Zilikuwa nyasi mbichi ulipozifunga. Nimeziona."

Alichukua fomu ya maelezo na kuanza kuandika kutoka mwanzo, sentensi kwa sentensi, akimsomea kila moja, naye Katoo akiitikia kwa kichwa. Walifika mahali pa kafi. Nalangu akasimamisha kalamu.

"Hapa nimeandika, kafi lilikuwa la mtoto wetu. Maelezo ya polisi hayakubali hivyo. Yanahitaji jina."

Katoo alimtazama kama anayeomba aonewe huruma, na Nalangu, aliyezaliwa katika mila ileile na kumzika mdogo wake bila kulitaja tena jina lake, alijua anaomba nini. Angeweza kuliandika mwenyewe. Lilikuwa ndani ya faili mara sita. Lakini hakuandika.

"Naserian," Katoo alisema. Alilisema chini sana, halafu akalirudia kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. "Anaitwa Naserian."

Akaweka kichwa juu ya meza, karibu na kafi, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Konstebo wa mlangoni alitoka nje bila kuagizwa. Katoo alipoweza kushika kalamu alitia sahihi, na Nalangu alipouliza nani atamwambia Mburu, akasema, "Mwambie wewe. Usimfiche hata moja. Mimi mdomo hauwezi."

Kabla ya saa tano Nalangu alikuwa amempigia mkuu wake. Alimsomea maelezo, akamsomea maneno ya Mulinge, akaeleza kuhusu sukari kavu, jaketi, mabega, na yale mawe ya majini yaliyopasua kichwa cha Keziah. Mkuu akasema faili ibadilishwe iwe ya uchunguzi wa kifo, mwendesha mashtaka aione Jumatatu, na mtu aachiliwe kwa bondi ya polisi. Akaongeza kwamba uongo wa mwanzo bado ni uongo na utajibiwa. Nalangu akasema utajibiwa.

Alitoka koridoni na kafi mkononi. Mburu aliliona kabla hajamwona yeye. Alisimama, akalipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye kishikio chote, kama fundi anayetafuta kasoro kwenye kazi yake. Alipofika kwenye nyasi alitaka kuzitoa.

"Usitoe," Nalangu alisema, akamweleza ni za nini na nani alizifunga. Kisha akamweleza mengine yote, kwa mpangilio uleule wa karatasi, bila kuficha hata moja. Mburu alisikiliza akiwa amesimama. Palipofika pa chai alikaa.

"Nililikata fupi," alisema, akilitazama kafi magotini. "Aliniambia, mjomba, hii ni fupi sana, mimi nitakuwa mrefu kama baba. Nikamwambia ukikua nitakukatia ingine." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Mimi ndiye nilipaswa kumwambia dada yangu aliweke chini. Niliogopa. Wote tuliogopa, shemeji peke yake ndiye alijaribu."

Nalangu akakaa kando yake kwenye benchi. Kwenye ukumbi wa mbele watu walikuwa wakibishana juu ya mbuzi waliopotea, na mtu akaitwa jina mara mbili.

"Anatoka saa ngapi?" Mburu aliuliza.

"Karatasi zikiwa tayari, kama saa nane."

Mburu akatikisa kichwa taratibu, akihesabu kitu. Alisema itabidi wapigie simu wale wa Kitengela wafukie lile shimo, na mama aambiwe leo, na aambiwe na wao wawili wakiwa pamoja.

"Kona Baridi gari haifiki mpaka juu," alisema. "Kuna ule mlima wa mawe, unaacha barabara unabeba. Lile jeneza dogo la mtoto shemeji alilibeba peke yake, alikataa tumshikie. Hili ni la watu sita, na nikijihesabu tuko watano." Alilaza kafi kwenye magoti ya Nalangu, kwa uangalifu, nyasi zisikatike. "Muulize shemeji kama mabega yamepona."

Nalangu akainuka, akarudi ndani kumwuliza.